Mwongozaji, Legeza Mkono

Ukitaka kumjua mwongozaji aliyejawa hofu, usiwatazame waigizaji wake. Tazama midomo yake. Mwigizaji anasema, naye anasema pamoja naye bila sauti. Mwigizaji akinyanyua mkono, wake nao unacheza mapajani. Mazoezi yakiisha hawezi kwenda nyumbani. Anabaki kufungua na kufunga upya kilemba ambacho mtu wa maleba alikwisha kukifunga vizuri, anasogeza kigoda kidogo kushoto, kidogo kulia, kisha saa nne usiku anampigia simu mwigizaji mkuu kumkumbusha jambo alilomwambia saa kumi jioni. Watu humwita mkali, au mtu anayependa mambo yakae sawa. Mimi nikimwona huwa nahisi kuna swali linalomuunguza ndani: hivi nafaa kweli kuwaongoza watu hawa?

Nawaandikia wenye swali hilo. Mnaongoza vikundi vya maigizo, kwaya za parokia na mitaa, vikundi vya ngoma na taarabu, vijana wanaopiga filamu kwa kamera ya kuazima. Wengi wenu hamkusomea uongozi. Mliimba vizuri mkafanywa walimu wa kwaya. Mliandika mchezo, wenzenu wakasema basi uongoze wewe. Ushauri mnaopewa ni ule ule mmoja: jiamini. Sioni kama unasaidia. Mtu haamrishwi kujiamini, na anayejilazimisha huishia kukaza mkono zaidi, kwa kuwa sasa ana kazi mbili, ya kuongoza na ya kuficha hofu. Ninachowashauri ni kuitumia hofu yenyewe, na njia ya kuitumia ni kuwaachia wenzenu kazi ambayo hofu inawaambia muing'ang'anie.

Kwanza itenganisheni. Kuna shaka linalohusu kazi: tukio la tatu linazubaa, sauti ya pili inamezwa na ya kwanza, mwisho wa filamu haueleweki. Kuna na shaka linalokuhusu wewe: sikusoma, umri wangu mdogo, aliyenitangulia alikuwa gwiji, siku moja watanigundua. Ukiwa umechoka yote mawili huja yamekumbatiana. Chukua daftari, andika kinachokutisha kwa sentensi moja tu. Ikiwa sentensi inasema habari za tukio, wimbo au mhusika, mahali pake ni mazoezini, mbele ya kikundi, kwa sauti. Ikiwa inasema habari zako, ipeleke kwa mtu mmoja unayemwamini aliye nje ya kikundi: mwongozaji mwenzako, dada yako, mwalimu wako wa zamani. Usiwatwishe waigizaji. Mtu anayetakiwa kukariri maneno, kujifunza kuanguka bila kuumia, na kusahau kwa saa mbili kwamba kodi ya nyumba imefika, hana nafasi ya kukubembeleza wewe tena.

Lile la kazi, liseme wazi. “Tukio hili bado halijakaa, nami sijaona sababu. Nani ameiona?” Viongozi wengi huogopa kwamba wakisema hivyo watadharauliwa. Katika vikundi nilivyofanya navyo kazi nimeona kinyume chake. Watu walikuwa wamekwisha kuona kwamba tukio halijakaa. Walichokuwa wakisubiri ni kujua kama na wewe umeona. Mara nyingi jibu hutoka kwa yule mwenye maneno matatu tu katika mchezo mzima, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa pembeni akitazama wiki nzima. Atakuambia mama anaingia kabla watazamaji hawajajua kwamba mtoto hayupo. Jambo lenyewe ni hilo, na wewe ulikuwa unahangaika na namna anavyoshika kanga.

Peter Brook, mwongozaji Mwingereza aliyefariki mwaka 2022 akiwa na miaka 97, ameeleza katika kitabu chake The Empty Space cha mwaka 1968 jinsi alivyojiandaa kuongoza Love's Labour's Lost ya Shakespeare huko Stratford mwaka 1946. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Usiku wa kuamkia mazoezi ya kwanza aliketi mbele ya mfano mdogo wa jukwaa, akisogeza vipande vya karatasi ngumu kana kwamba ndio waigizaji, akaandika kila hatua katika daftari nene. Asubuhi waigizaji wakaja, akawaambia waingie kama alivyopanga. Wakaingia, na papo hapo akaona kwamba hawafanani na vile vipande vyake. Kila mmoja alikuwa na mwendo wake, wengine walienda kasi asiyoitarajia, makundi yakajipanga kwa namna ambayo daftari halikuwa nayo. Akajiuliza awarudishe kwenye mpango au auache. Akaliweka daftari kando, akaingia katikati yao, na anasema tangu hapo hakurudia kuongoza kwa mpango ulioandikwa.

Wanaosimulia kisa hiki hupenda kusema kwamba maandalizi hayana maana. Mimi nakisoma tofauti. Brook aliweza kuliweka daftari kando kwa sababu usiku kucha alikuwa amekaa na mchezo ule hadi akaujua. Asiyejiandaa hana cha kuachia. Kwa hiyo jiandae sana, ila ubadilishe unachokiandaa. Acha kupanga nani atasimama wapi. Kaa na kila tukio ujue kila mhusika anataka nini kwa mwenzake, watazamaji wanajua nini kufikia hapo, na mchezo ungepoteza nini tukio lile likiondolewa. Ukiwa na majibu hayo, mwigizaji akifanya kitu usichokitarajia utaweza kukipima papo hapo. Usipokuwa nayo, kila jambo jipya litakutisha, na mtu aliyetishika hukataa.

Mfano ninaourudia zaidi uko karibu na kwetu, Limuru nchini Kenya. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mkuu wa idara ya fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka huohuo riwaya yake Petals of Blood ilichapishwa. Kama kulikuwa na mtu wa kuweza kusema “mimi ndiye mwandishi, nifuateni”, alikuwa yeye. Wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, kwenye kituo chao cha elimu na utamaduni, walimtaka yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waandike mchezo kwa Kigikuyu. Ukaandikwa Ngaahika Ndeenda, na Kimani Gecau akauongoza. Rasimu ya kwanza ilipoletwa kijijini na kusomwa, watu wakaanza kuivua na kuivalisha upya. Wazee walisema mzee wa umri ule hazungumzi namna hii, wakaonyesha namna anavyozungumza. Wafanyakazi wa viwandani walieleza kazi yao inavyokwenda. Kwa ule mtindo wa kale wa kuimba kwa kujibizana uitwao gĩtiiro, mama mmoja wa kijijini asiyejua kusoma ndiye aliyeutoa, neno kwa neno, waandishi wakiandika. Vijana walipanga njiti za kiberiti ardhini kuchora ukumbi wa wazi, wakatengeneza mfano mdogo, kisha kijiji kikaujenga chenyewe, wenye nafasi za watu zaidi ya 2,000.

Mazoezi yalifanyika hadharani. Aliyepita njiani alisimama, akatazama, akasahihisha. Fikiria jambo hilo wewe unayefunga mlango wa ukumbi na kutundika karatasi ya kuwazuia wageni. Tunajiambia tunafunga ili waigizaji wasikilizane, na wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi tunafunga ili tusionekane tukiwa bado hatujui. Kuachia sentensi au wimbo si kugumu sana. Kugumu ni kuachia faragha ya kukosea. Profesa yule alikubali kusahihishwa mbele ya mpita njia, na baadaye aliandika kwamba miezi ile ndiyo iliyokuwa mwanzo wa elimu yake ya kweli. Sisemi kila mtu afanye mazoezi uwanjani kesho. Mwalike mtu mmoja wiki hii, muuza matunda wa kona ile, mlinzi, shangazi yake mwigizaji wako. Mwombe akae dakika ishirini, kisha akueleze hadithi aliyoiona. Usimuulize kama ni nzuri. Akikusimulia kisa ambacho hamkukikusudia, umepata habari ambayo ungeipata usiku wa onyesho, wakati ambapo huwezi tena kuifanyia lolote.

Nataka mwone pia kile ambacho hakikuachiwa pale Kamĩrĩĩthũ. Mada haikupigiwa kura kila jioni: ilikuwa ardhi, ujira, na waliotajirika baada ya uhuru kwa migongo ya wenzao. Mwongozaji aliendelea kuwa mwongozaji. Siku ya kufungua iliwekwa, na Oktoba 2, 1977 mchezo ukafunguliwa. Katikati ya Novemba serikali ikaondoa kibali, na Desemba 31 Ngũgĩ akakamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Machi 1982 ukumbi ule ukabomolewa. Kikundi kizima kilikuwa kimeshika jambo zito, na wasingeweza kulishika kama kila mtu angekuwa anavuta upande wake. Kuachia namna ya kufanya kulikwenda pamoja na kushikilia sababu ya kufanya.

Sasa tuje kwenye mikono yenu. Unapomkabidhi mtu kazi, mkabidhi kitu kizima. Usimwambie “nisaidie na wimbo wa mazishi” halafu ukamchagulia wimbo, ukamwekea ufunguo, ukasimama nyuma yake akifundisha. Mwambie: “Wimbo wa mazishi ni wako. Uchague, uufundishe, niuone Alhamisi.” Kisha toka. Toka kwelikweli, uende mahali ambapo sauti haifiki, maana ukikaa barazani utarudi kabla ya ubeti wa pili. Alhamisi ikifika, tazama hadi mwisho bila kuandika. Swali lako la kwanza liwe “Mmefikaje hapa?” na la pili “Wapi bado panawasumbua?” Mara nyingi watakitaja wenyewe kile ulichotaka kusema, na kikitoka midomoni mwao watakirekebisha kwa moyo. Kama bado una neno, toa moja, ulilopima. Mengine yalalie.

Anza na kitu ambacho wewe si hodari nacho, kwa sababu hapo mkono haukazi sana. Lakini usiishie hapo. Mpiga ngoma anayewaachia wengine maleba hajaachia chochote. Maleba hakuyajua tangu mwanzo. Kabla msimu haujaisha, mkabidhi mtu kipande cha kile unachokijua kuliko wote. Hapo ndipo utakapoona hofu yako ilipojificha, na hapo ndipo kikundi kitakapoamini kwamba hukuwa unagawa vibarua tu.

Kitu ulichokiachia kitavunjika. Lazima niwaambie hili mapema. Wimbo ulioachiwa mtu mwingine utaenda kombo siku moja mbele za watu, na macho yote yatakugeukia. Mbele ya mfadhili, paroko au mwenyekiti wa mtaa, sema “mimi ndiye mwongozaji”, usitaje jina la mtu. Kesho yake kaa na mwenye wimbo faraghani, mpitie pamoja ulipokatikia, kisha umrudishie uleule aurekebishe. Ukimnyang'anya, kikundi chote kitakuwa kimejifunza kwamba wimbo ule ulikuwa mkopo, na msimu ujao utauliza “nani atachukua wimbo?” na watu watatazama sakafu.

Jambo linalotusumbua kwa namna yetu ni heshima. Mwongozaji wa miaka ishirini na mitano ana mzee mwenye mvi katika kikundi, na mama aliyekuwa akicheza ngoma kabla mwongozaji hajazaliwa. Anasimama anauliza, “Mnaonaje?” Wanajibu, “Ni sawa tu, mwalimu.” Anafurahi kwamba amewashirikisha. Wakitoka nje, kwenye kituo cha daladala, wanaambizana yale waliyoyaona kweli. Ukimya ule si ridhaa. Watu wazima hawapendi kumsahihisha kiongozi mbele za watu, na vijana hawathubutu kumpinga mzee. Basi wekeni njia ambayo haimvunjii mtu heshima. Wagawe wawiliwawili, wazungumze dakika tano, kisha kila mmoja aeleze alichosema mwenzake. Maneno yatatoka kwa sababu hakuna anayeyabeba peke yake. Kwa mzee, mwendee kabla ya mazoezi: “Shikamoo mzee. Leo naomba unitazamie lile tukio la mahari, sisi tumezaliwa mambo yamebadilika. Pakikosewa, tusimamishe.” Ukishamwomba, hatasita kusimamisha, na wala hatakuwa amekuvunjia hadhi. Baada ya tukio mwanzishe mdogo kabisa kusema, mzee awe wa mwisho, kwa kuwa mzee akishasema hakuna kijana atakayeongeza. Na kama kikundi kina wanawake na wanaume, msaidizi mmoja awe mwanamke anayesikika; yapo mambo kuhusu matukio ya mapenzi na vipigo jukwaani ambayo waigizaji wa kike huyasema chumba cha kubadilishia nguo, wala si kwa mwongozaji mwanamume.

Ukiwauliza watu maoni, yawe maoni unayoweza kuyafuata. Kama umekwisha kuamua, sema umeamua. Watu husamehe uamuzi wasioupenda upesi kuliko kikao cha kujifanya.

Mimi kuna mambo siyaachii, na huyataja siku ya kwanza: saa ya kuanza, usalama wa miili ya watu, hesabu za fedha kuwekwa wazi, mtu kutotukanwa, na swali ambalo mchezo unaliuliza. Mengine yana mjadala. Mipaka ikijulikana, watu hucheza ndani yake kwa raha kubwa, na wewe mwenyewe hupumua, kwa kuwa unajua hasa unachokilinda.

Kiasi cha kuachia nacho kipimwe kwa uwezo wa mlio nao. Miles Davis, mpiga tarumbeta wa Marekani, alirekodi albamu yake Kind of Blue jijini New York kwa siku mbili tu, Machi 2 na Aprili 22, 1959, akiwapa wenzake michoro michache ya sauti ambayo wengi hawakuwahi kuipiga. Lakini wenzake walikuwa John Coltrane, Bill Evans, Cannonball Adderley, watu walioishi na ala zao. Michoro ile michache pia ilisema wazi kila mtu azunguke katika ngazi zipi za sauti na kwa mfuatano upi. Usiende kwa kwaya ya wanaoanza ukawaambia “imbeni mnavyojisikia”. Wataona aibu, watanyamaza, nawe utahitimisha kwamba hawana ubunifu. Wafundishe noti zao hadi zikae, kisha uwaachie jambo moja: mwendo wa ubeti wa mwisho, au nani aanzishe kiitikio. Msimu unaofuata ongeza jingine.

Kuachia kuna siku yake ya kufunga. Itangaze mapema, labda wiki mbili kabla ya onyesho: hadi Jumamosi tunabadilisha, baada ya hapo tunaimarisha. Ikifika siku hiyo kukiwa na mawazo mawili yanayogongana, amua. “Nimewasikia wote. Tutafanya hivi. Sababu ni hii.” Kiongozi anayeogopa kuamua akauita woga huo uhuru huwatesa watu wake kuliko yule mkali, kwa kuwa mwigizaji anapanda jukwaani bila kujua atakutana na mchezo upi. Baada ya siku ile wewe ndiye wa kwanza kutii. Usitoe neno jipya katika mazoezi mawili ya mwisho isipokuwa mtu anaweza kuumia. Najua utayaona makosa. Andika katika daftari, ulifunge. Mwigizaji akipewa agizo usiku wa kuamkia onyesho halitamsahihisha. Litamfanya akumbuke uso wako katikati ya sentensi yake.

Siku ya onyesho usisimame nyuma ya pazia. Kaa na watu, safu ya nyuma, uwatazame wao. Wanaposogea mbele kwenye viti, wanapotafuta simu zao, wanapocheka mahali ambapo hamkutegemea, andika. Kesho yake wasomee kikundi kama ulivyoona, bila hukumu, uwaache waseme maana yake kabla ya wewe kusema.

Na kabla ya yote hayo kuna bango. Nimeona vikundi vikivunjika kwa ajili ya bango kuliko kwa ajili ya mchezo wenyewe. Ukiwa umewaachia watu kazi halafu jina likaandikwa lako peke yako, hukuachia. Ulichukua kazi yao. Aliyefundisha wimbo wa mazishi aandikwe kwamba ndiye aliyeufundisha. Mzee aliyerekebisha tukio la mahari aandikwe. Kama kuna malipo, kubalianeni mgawo kwa maandishi tangu wiki ya kwanza, ukiwemo wa yule ambaye mchango wake ulikuwa kusimamisha mazoezi na kusema “si hivyo”. Kisha, kabla bango halijaenda kwa mchapaji, mpitishie kila mmoja asome jina lake aone kama limeandikwa sawa, na walio mbali wapigie simu.